Ngao iliyotoka ubaoni: kisa cha tarbia moja katika darasa la tano, Jinja

Kisa hiki kinahusu wiki tatu za muhula wa pili katika shule moja ya msingi mjini Jinja, Uganda. Katika wiki hizo nilijaribu kuwafundisha watoto wa darasa la tano kupanga na kuandika ubeti mmoja wa tarbia, yaani shairi la mishororo minne kwa ubeti, nikashindwa vibaya katika jaribio la kwanza, kisha nikafanikiwa kwa sehemu katika jaribio la pili. Nakieleza kwa sababu kosa lilikuwa langu, na pia kwa sababu nimeona daftari za walimu wenzangu zenye mpango wa somo unaofanana sana na ule ulioniangusha.

Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya 60. Jinja ni mji wa Wasoga, lakini viwanda vilivyokua baada ya kufunguliwa kwa bwawa la umeme la Owen Falls mwaka 1954 vilivuta wafanyakazi kutoka pembe nyingi, na kambi ya jeshi iliyopo mjini imekuwa ikiingiza Kiswahili mitaani tangu zamani. Kwa hiyo katika dawati moja ungekuta mtoto wa askari anayezungumza Kiswahili cha kambini bila kusita, mtoto anayezungumza Kisoga nyumbani na Kiganda sokoni, na mtoto ambaye Kiswahili amekisikia tu kwa makondakta wa teksi na kwangu. Wote walikuwa wameanza shule kwa lugha ya eneo lao hadi darasa la tatu, wakavuka kuingia Kiingereza katika darasa la nne, na sasa wananipata mimi mara mbili kwa wiki, dakika 40 kila mara. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hata hivyo, mtihani wa kumaliza elimu ya msingi una masomo manne, yaani Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Elimu ya Jamii, na kila mwalimu wa Kiswahili anajua maana ya hilo pindi ratiba inapobanwa.

Shairi lilihitajika kwa ajili ya tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021. Mwalimu mkuu alitaka watoto waghani kitu walichokitunga wenyewe. Nilichagua tarbia kwa kuwa ndiyo bahari, yaani aina ya shairi, wanayoisikia zaidi: mishororo minne katika kila ubeti, kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, kila kipande kina mizani (silabi) nane, vina, yaani silabi za mwisho wa vipande, vya kati vinafanana na vya mwisho vinafanana, na mshororo wa nne ni kibwagizo kinachorudi katika kila ubeti. Mwenzangu mmoja alinishauri niwaachie shairi huru, akisema kanuni zitawafunga midomo. Sikukubali, na bado sikubali. Mtoto wa miaka 11 aliyeambiwa “andika unachohisi” hukaa akitafuna kalamu, ilhali aliyeambiwa ajaze nafasi nane anajua aanzie wapi, na jambo lililo muhimu zaidi ni kwamba anajua amemaliza lini.

Basi nikaandaa somo nililoliona maridadi. Niliwaambia walete madaftari yao ya hisabati, yale yenye miraba, kisha kila mmoja akapiga mstari kuzunguka miraba 16 kwa upana na minne kwa urefu, na mstari mzito katikati kutenga ukwapi na utao. Mraba mmoja ulikuwa mzani mmoja. Ubaoni niliandika safu mbili za maneno ya vina: upande wa kushoto mali, asali, mbali, ugali, akili, upande wa kulia mbao, ngao, kikao, mazao, kilio. Mada ilikuwa “Mzazi wangu”. Nikawaambia wachague vina, waviweke katika mraba wa nane na wa 16, halafu wajaze miraba iliyobaki.

Walijaza. Kelele ilikuwa ya watu wanaofanya kazi, na nilitembea kati ya madawati nikiwa nimeridhika kabisa. Jumamosi nilipokaa kusoma, daftari la kumi na kitu lilikuwa la msichana anayekaa karibu na dirisha, mtoto mkimya mwenye mwandiko mdogo ulionyooka, naye alikuwa ameandika hivi:

Baba yangu ana mali, anakaa kwenye mbao,
Ananunua asali, anapanda kwenye ngao,
Anakwenda kule mbali, anarudi na kikao.

Nilihesabu mizani mara mbili. Nane kwa nane, mishororo yote mitatu. Vina vya kati -li, vya mwisho -o, bila kasoro. Kwa vipimo vya ubaoni nilipaswa kumpa alama zote, na kwa kweli nilikuwa nimeshaweka alama ya vyema kabla ya kusoma maana. Baba gani huyu apandaye juu ya ngao? Na kikao mtu hurudi nacho vipi, amekibeba kwapani? Nikafungua daftari la pili, la tatu, la ishirini, na katika kila moja nikakuta ngao. Akina mama wenye ngao, bibi mwenye ngao, hata mbuzi mmoja. Hakuna mtoto aliyewahi kuona ngao isipokuwa kwenye nembo ya taifa. Ngao ilikuwa yangu, niliiandika ubaoni kwa mkono wangu, nao waliirudisha kwangu kama walivyoagizwa.

Utani ukiwekwa kando, tatizo lilikuwa mpangilio wa kazi. Kwa kuanza na vina nilikuwa nimewafanya watoto wasafiri kuelekea neno lisilohusiana na jambo lolote wanalolijua, na mwenye kusafiri hivyo hubeba chochote atakachokiokota njiani. Washairi wetu husifiwa kwa kuwa na vina vingi kichwani, lakini vina hivyo vimeingia kwa miaka ya kusikiliza. Mtoto wa Jinja hana hazina hiyo bado, na safu mbili za maneno ubaoni haziwezi kuwa badala yake.

Jumatatu sikurudi kwenye miraba. Niliwagawa katika makundi, nikapita nikiuliza kila mtoto maswali matatu kwa mdomo tu, bila mtu kushika kalamu: mzazi wako yuko wapi sasa hivi? Anafanya nini kwa mikono yake? Wewe unajuaje? Swali la tatu ndilo lililozaa matunda, maana mtoto anapoulizwa amejuaje huacha kusema “ananipenda” na kusema alichokiona. Nilipofika kwa msichana wa dirishani alijibu kwa sauti ya chini.

“Mwalimu, usiku baba hayupo nyumbani. Baba yuko kibandani.”

Nikamwuliza anafanya nini huko. Akasema anakaanga rolex, yaani ile chapati inayoviringishwa na mayai ndani, ambayo kila Mganda aliyewahi kuchelewa kurudi nyumbani anaijua. Unajuaje? “Akirudi nguo zinanuka mafuta. Na chapati zake ni za moto, watu wanapenda.”

Nilikuwa nikihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo, tabia mbaya niliyonayo. Ba-ba yu-ko ki-ba-nda-ni. Nane. Hakuipanga; ilitoka hivyo. Kiswahili, kwa jinsi silabi zake karibu zote zinavyoishia kwa irabu na kwa jinsi sentensi zetu fupi zinavyojengwa, hutoa vipande vya mizani saba, nane au tisa katika mazungumzo ya kawaida kila wakati, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya nane kuzoeleka kuwa kipimo cha kipande. Nilimwonyesha vidole. Akahesabu na yeye, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze. Kisha tukahesabu sentensi yake ya pili: cha-pa-ti za-ke ni za mo-to, tisa. “Imezidi moja,” akasema. Nikamwambia atoe neno moja bila kuharibu maana. Alijaribu kuondoa “zake”, ikawa saba. Akarudisha “zake”, akaondoa “ni”, ikawa nane.

Chapati zake za moto, baba yuko kibandani.

Hicho ndicho kilichokuwa kibwagizo. Kuanzia hapo nilibadilisha utaratibu kwa darasa zima: kibwagizo kwanza, kikitoka katika kauli ya mtoto mwenyewe, kisha vina visomwe kutoka ndani ya kibwagizo hicho badala ya kutoka ubaoni. Kwa msichana huyu vina vilikuwa -to na -ni. Kina cha -ni ni zawadi kwa mtunzi mchanga wa Kiswahili, kwa sababu kiambishi cha mahali hukizalisha bila kikomo: njiani, kitandani, mlangoni, sokoni, sahanini. Mtoto akijua kujibu swali “wapi?” anacho kina. Kile cha -to ni kigumu kidogo, lakini moto, joto, mtoto, mto na uzito vilitosha kwa mishororo mitatu, na vyote vilikuwa vitu vya kibandani au vya nyumbani kwao.

Hapo ndipo tulirudisha miraba, naye akaandika mshororo wa kwanza peke yake: Jioni awasha moto, sigiri pale njiani. Mhakiki mkali angesema “moto” limejirudia, kwa kuwa lipo pia katika kibwagizo. Ni kweli. Niliona kwamba moto wa sigiri (jiko la makaa) na chapati “za moto” ni matumizi mawili tofauti, nikaliacha lipite.

Mshororo wa pili ndio uliochukua kipindi kizima. Ukwapi ulikuwa tayari, Mikono yapata joto. Utao aliouandika ulikuwa “mayai yamo bakulini”, na miraba ilimwambia kuwa imezidi: ma-ya-i ya-mo ba-ku-li-ni, tisa. Nikampendekezea “yai limo bakulini”, ambayo ni nane safi, na nilijivunia kuipata haraka. Akanitazama kama mtu anayejizuia kumkosoa mkubwa.

“Mwalimu, yai moja si rolex.”

Alikuwa sahihi. Ya kawaida ina mayai mawili, na mtoto wa mpishi hawezi kusimama mbele ya shule nzima akatangaza kwamba baba yake anapunja wateja. Nikamwachia. Alifuta, akaandika, akafuta tena mpaka karatasi ikaanza kutoboka, na kengele ilipokaribia aliniletea: mayai mawili ndani. Ma-ya-i ma-wi-li nda-ni. Bakuli limepotea, ukweli umebaki, na kina kimepatikana bila kulazimisha. Katika miaka yangu ya kufundisha sijaona mfano mzuri zaidi wa uhariri, na haukuwa wangu.

Mshororo wa tatu uliibua jambo ambalo kila mwalimu wa Kiswahili katika eneo la Kiganda na Kisoga atalitambua. Aliandika: Mimi bado ni mutoto, namungoja kitandani. Kiambishi “m” kinachosimama peke yake ni kigeni kwa masikio yaliyozoea “mu”, na watoto wengi huongeza irabu. Kwa bahati njema kosa hilo haliharibu mizani hata kidogo: m-to-to ni tatu kama mu-to-to, na na-m-ngo-ja ni nne kama na-mu-ngo-ja, kwa sababu “m” hiyo ni silabi kamili. Nilirekebisha tahajia na kuwaonyesha darasa zima kwamba hesabu haikubadilika, na nadhani wengi wao walielewa siku hiyo kwa nini “m” katika “mtoto” inapewa mraba wake ilhali “m” katika “mboga” inashiriki mraba na “bo”. Kabla ya hapo nilikuwa nimeieleza mara tatu kwa maneno bila mafanikio. Hatari halisi ya lugha ya nyumbani iko kwenye vina. Katika Kiganda sauti za l na r hugawana nafasi, r ikiandikwa baada ya e na i tu, kwa hiyo mtoto mmoja aliyeandika “bahali” kwa maana ya bahari aliona ameipatanisha vyema na “asali”. Sikio lake lilisema kweli, tahajia ndiyo iliyomsaliti. Kwa mtoto kama huyo ni bure kusema “vina vyako vimepotoka”. Inabidi kwanza asikie tofauti, na hilo ni somo la siku nyingine.

Utaratibu mpya haukumfaa kila mtu kwa urahisi ule ule. Mvulana mmoja wa kambini, mwenye Kiswahili fasaha kuliko wengi, alisema mama yake humfundisha kufua sare, akapata kibwagizo chake katika dakika tano: Nalifua kwa sabuni, shati langu ni jeupe. Kizuri, chenye mizani kamili, na chenye kina cha -pe ambacho kingeweza kumfungia njia mtu mzima. Alikaa na “jeupe” lake kipindi chote. Nilikuwa karibu kumwambia abadilishe mpangilio wa maneno ili kina kiwe chepesi, jambo ambalo Kiswahili kinaruhusu na ambalo niliwaruhusu watoto wengine, lakini yeye alikataa, shati ni jeupe na lazima liishie hapo. Basi nikamwuliza shati linachafuka vipi. “Matope,” akasema, na barabara zetu za udongo msimu wa mvua zikampa mshororo:

Nikienda masomoni, ninaogopa matope.

Kisha nikamwuliza mama anasema nini, kwa makusudi, maana mama akiamuru au kukataza vitenzi hubadilika. Mama hasemi “unatupa”, husema “usitupe”. Vitenzi vinavyoishia kwa -pa, kama tupa, lipa, ogopa na kopa, vyote hugeuka kuwa -pe mtu anapokataza au kuonya. Mvulana alipoliona hilo aliandika Mama asema, “Jamani, sabuni usiitupe”, akacheka peke yake. Sikuwahi kufikiri kwamba hali ya kuamrisha na kuonya, ambayo katika sarufi huwachosha, ingeingia darasani kwa mlango wa kina.

Nilichoacha kwa makusudi ni inkisari. Vitabu vya ushairi vinamruhusu mtunzi kufupisha maneno ili mizani itoshe, na uhuru huo ni halali kwa anayelijua neno zima. Mwaka uliotangulia niliwafundisha darasa la sita, wakaanza kukata maneno kama kuni, na sikuweza tena kujua ni lipi lililokatwa kwa sanaa na lipi ambalo mtoto halijui kuliandika. Mtoto wa darasa la tano atafute neno jingine, kama alivyofanya yule wa mayai mawili.

Tarehe 7 Julai walighani wanane. Wengine walisoma kwa haraka mno, mmoja alisahau, na wageni walipiga makofi kwa wote kama ilivyo desturi. Msichana wa dirishani alisema ubeti wake mmoja bila karatasi:

Jioni awasha moto, sigiri pale njiani,
Mikono yapata joto, mayai mawili ndani,
Mimi bado ni mtoto, namngoja kitandani,
Chapati zake za moto, baba yuko kibandani.

Ubeti wa pili alikuwa ameuanza, na kwa mishororo yake alibadilisha kina cha kati kuwa -ka. Wiki iliyofuata niliuona katika daftari la hisabati, kati ya sehemu na desimali:

Saa nne akifika, ana masizi usoni,
Miguu yake yachoka, ameketi mlangoni,
Chai mama ameweka, nami

Baada ya “nami” kulikuwa na miraba sita mitupu. Nilidhani amekosa kina, nikaanza kumtajia maneno ya -ni, naye akanikatiza kwa adabu.

“Si hivyo, Mwalimu. Baada ya chai mimi huwa nimeshalala. Sijui wanaongea nini.”

Nikamwuliza kama angependa kubuni. Akafikiri, akasema atajaribu kukaa macho Ijumaa.